Barua kumi na moja ambazo hazijaenda popote

Kwenye kompyuta namba tatu pale saiba yangu, ile iko pembeni karibu na printa, kuna folda nimeiita POLISI kwa herufi kubwa. Ndani mna barua 15 za watu wanaolalamikia polisi. Juzi usiku nikisubiri mvua ipungue nifunge nikaanza kuzipitia moja moja, nikakuta zilizotumwa ni nne tu. Hizo zingine 11 ziko tu hapo, zimechapwa vizuri, tarehe juu, kichwa kimepigiwa mstari, sahihi haipo.

Nisieleweke vibaya, mi sio mwanaharakati. Mi ni mtu wa saiba, nachapa ukurasa shilingi 50, naprinti, nalaminisha, najazia watu fomu za kodi za KRA na za mkopo wa chuo za HELB. Lakini huku kwetu Mombasa upande wa bara mtu akipigwa na askari, ama kijana wake akilala ndani siku tatu bila kupelekwa kortini na Katiba inasema masaa 24, akitoka huko hana wakili wa kumkimbilia, anakuja kwa mtu wa saiba. Anakaa kwenye kile kiti cha plastiki, anaanza kueleza, mi nachapa. Na lazima iwe Kizungu, Kiswahili wateja hawataki kabisa, ati huko juu hakisomwi. Nishawaambia mara ngapi kwamba sheria yenyewe inakuruhusu kulalamika kwa mdomo, hata hujui kuandika unaenda unaongea wao wanaandika, mtu ananiangalia kama nimemtania.

Sasa mambo huwa hivi. Anaongea, nachapa, namsomea. Akishasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa na mtu mwingine, ananyamaza. Anauliza, na jina langu litaonekana? Namwambia ndio, lakini hawa watu kazi yao ni kukulinda wewe. Anafikiria. Halafu anasema, basi ndugu yangu isevu kwanza, nitarudi. Harudi. Ama anarudi baada ya wiki mbili kuprinti CV, na tunaongea kuhusu CV.

Hao "watu" ninaowasema ni IPOA, ile mamlaka huru ya kuangalia mwenendo wa polisi. Nadhani wengi tunaisikia tu redioni mtu akishauawa, na hatujui ilitoka wapi. Ilitoka kwenye damu ya ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa baada ya ule uchaguzi, na kati ya hao 405 walikufa kwa risasi. Na wananchi waliokuwa wakikatana mapanga hawakuwa na bunduki kihivyo, kwa hiyo hesabu ya hizo risasi ilikuwa inaelekea upande gani kila mtu alijua. Waki akasema hapana, polisi hawawezi kuwa wanajichunguza wenyewe. Ikaja Katiba mpya 2010, ikaja sheria ya IPOA mwaka wa 2011, bodi ya kwanza ikaanza kazi 2012 chini ya wakili Macharia Njeru. Raia watupu, sio polisi wenye cheo kikubwa wanaoangalia polisi wenye cheo kidogo. Wana uwezo wa kuingia kituoni, kuchukua vitabu, kuita askari aje ajieleze. Kushtaki hawawezi, faili wakimaliza linaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yeye ndiye anaamua kama kuna kesi.

Kwa karatasi ni kitu kizuri sana. Na kuna pahali ndani ya sheria ya polisi yenyewe, jedwali la sita, ambapo mi nikisoma huwa nacheka peke yangu. Inasema askari akitumia nguvu mtu akafa ama akaumia vibaya, mkubwa wake lazima aripoti IPOA mara moja. Yani bosi apige simu mwenyewe aseme, jamani kijana wangu amevunja mtu mkono, njooni mchunguze. Inatokea, sikatai. Lakini hebu jiweke kwenye hicho kiti cha OCS, yani mkuu wa kituo, saa sita usiku.

Nirudi kwa folda.

Faili la nne kutoka juu ni la mpwa wangu, mtoto wa dadangu mkubwa. Anaendesha tuktuk ya mtu, ana miaka 22, mdomo wake ni mwepesi kidogo na hilo sitaficha. Usiku mmoja alisimamishwa na askari wawili, wakataka cha chai, akawaambia leo sijafikisha hata ya tajiri. Mmoja akamwambia shuka. Mengine siwezi kuyaeleza kwa sababu hata yeye huyaeleza tofauti tofauti, mara rungu ilikuja kabla hajashuka, mara baada. Nilichokiona mimi ni mkono. Alikuja kwangu saa tano usiku ameushika na ule mwingine kama mtu amebeba mtoto, na kiwiko kilikuwa kimefura mpaka ngozi inang'aa.

Tulienda hospitali kwanza, wakampiga picha, mfupa umepasuka. Daktari akauliza umefanya nini, mpwa akaniangalia. Nikasema mimi, amepigwa na askari. Daktari, kijana tu pia, akaandika "anadai kupigwa", halafu akasema bila kuinua kichwa, nendeni mkachukue P3.

Hapo ndipo nataka kila mtu asimame kidogo aangalie. P3 ni ile fomu daktari anajaza kusema umeumia wapi na kiasi gani, bila hiyo kortini unapata taabu. Ni ya bure, hata mimi naiprinti hapa. Lakini kwa desturi inatolewa stesheni, na kabla hujapewa lazima uwe umeandikisha OB, yani kesi yako iwe kwenye kile kitabu kikubwa cha kaunta. Kwa hiyo mtu aliyepigwa na askari wa kituo anaambiwa aende kwenye kile kile kituo, amwombe mwenzake na aliyempiga aandike kwamba amepigwa, amwombe namba, amwombe fomu. Na huyo wa kaunta amekunywa chai na yule mwingine kutwa nzima.

Tulifika asubuhi. Kituo sitakitaja. Kulikuwa na afande mmoja kwenye kaunta, mtu mzima, mpole kwa kweli, alituita "watoto wangu". Akafungua kitabu, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. Mpwa akaeleza. Afande akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini, akasema, sasa kijana wangu, wewe unaendesha tuktuk usiku, barabara hii ina mashimo, unaonaje tukiandika ulianguka? Ukiandika ulianguka P3 unapata sasa hivi, na bima ya tajiri wako inaweza kusaidia. Ukiandika hiyo nyingine, mi sikukatazi, lakini itabidi nimwite OCS, na OCS hayuko, na hata akija atataka kujua hiyo tuktuk ina leseni ya nini.

Hakupaza sauti. Hakutisha. Mi nimeshasimuliwa vitisho vingi kwenye kile kiti cha plastiki, lakini ile sauti ya upole ndio inanirudia usiku. Mpwa wangu akasema, andika nilianguka.

Basi tangu siku hiyo kuna kitabu cha serikali kinachosema mpwa wangu alianguka na tuktuk, chenye tarehe, saa na namba. Ukweli wake uko kwenye kompyuta namba tatu.

Mjadala wetu wa kuwachunga polisi mara nyingi unaenda moja kwa moja Nairobi. IPOA haina bajeti ya kutosha, wapelelezi wachache, kesi zinakaa miaka, malalamiko yanaingia kwa maelfu na hukumu unaweza kuzihesabu kwa makumi. Hayo ni kweli na yanaumiza. Lakini mi nikiangalia kutoka kwa hii saiba naona barua haijafika hata Nairobi ikacheleweshwa. Imefia katikati ya kaunta ya stesheni na sebule ya nyumbani. Ushahidi wa kwanza kabisa, maandishi ya kwanza, yanaanzia mkononi mwa anayelalamikiwa, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya hayo.

Angalia mambo ya Albert Ojwang, mwaka wa 2025. Mwalimu, alikuwa akiandika mtandaoni, akakamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni, akasafirishwa mpaka Nairobi, kesho yake asubuhi amekufa ndani ya kituo cha polisi cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Yani ile ile "ulianguka", imevaa suti. Madaktari walipompasua wakakuta majeraha ya kichwa, shingo imebanwa, mwili una alama za kupigwa, wakasema huyu hakujigonga. IPOA ikaenda mbele ya Seneti ikasema kamera za kituo zilichezewa. Baadaye watu sita wakashtakiwa kwa mauaji, akiwemo OCS mwenyewe. Sasa jiulize, ile ilikuwa kesi nchi nzima inaitazama, vijana wako barabarani, maseneta wanauliza maswali, na bado mtu alipata nafasi ya kushika kamera. Ya mpwa wangu haikuhitaji hata kamera, ilitosha kulamba kidole.

Lakini nisiseme haiwezekani, manake hapa hapa Pwani ndipo ilipowezekana mara ya kwanza. Agosti 2014, Kinango huko Kwale, askari waliingia usiku kwenye boma wakimtafuta mtu mwingine, wakampiga risasi msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza. Maelezo yao yakawa ati aliwavamia na panga. Usiku, ndani ya nyumba, mtoto, na panga. Familia ikakataa kunyamaza, watetezi wa haki wakaingia, IPOA ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu askari wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Hiyo ndio hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA nchi nzima, na ilitokea hapa kwetu. Kuna watu waliona miaka saba ni midogo kwa roho ya mtoto, na mi ni mmoja wao. Lakini nakumbuka siku hiyo kulikuwa na wazee wanaongea pale nje kwa kahawa, mmoja akauliza, yani askari kafungwa? kwa ajili ya mtoto wa Mduruma wa mashambani? Alikuwa anauliza kweli, sio kwa kejeli.

Ningeweza kuishia hapo nikawaambia basi lalamikeni. Lakini kila nikimwambia mtu hivyo, ananijibu kwa jina moja. Willie Kimani.

Mnakumbuka. Kulikuwa na mwendesha boda huko Mlolongo, Josephat Mwenda, alipigwa risasi ya mkono na askari mwaka wa 2015. Akafanya kile tunachoambiwa tufanye, akapeleka malalamiko IPOA. Baada ya hapo akaanza kubambikiwa kesi, na Willie Kimani akawa wakili wake. Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko, wakili, mteja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, wakatekwa njiani. Walifungiwa kwenye kambi ya polisi wa utawala, na Kimani akafanikiwa kuandika maneno kwenye kipande cha tishu ya chooni akakitupa nje, mtu ampigie mke wake simu amwambie wako hatarini. Kikaokotwa. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kesi ilichukua miaka sita, Julai 2022 askari watatu na mpasha habari wao mmoja wakapatikana na hatia, Februari 2023 kiongozi wao akahukumiwa kifo na wengine miaka 20 kwenda juu.

Ukimsimulia mtu hiyo hadithi unaweza kuishia kwenye hukumu, ukasema unaona, haki ilipatikana. Dadangu yeye anaishia kwenye tishu.

Tulikuwa na kikao nyumbani kwake kuhusu ile barua ya mpwa. Mimi nimeiprinti, nakala mbili, nimeweka kwenye bahasha ya kaki. Shemeji yuko, mjomba yuko, chai imemiminwa. Nikaeleza kuwa ofisi ya IPOA iko hapa hapa Mombasa, na ukitaka kuna namba 1559 unapiga bure. Mjomba akasema mtoto wa kiume hapigwi akanyamaza. Shemeji akasema tuulize tajiri wa tuktuk kwanza. Dadangu alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho. Akasema, kaka, yule askari anapita pale stejini kila siku. Namba ya tuktuk anaijua. Saa mtoto anatoka anaijua, saa anarudi anaijua. Hao watu wako wa Mombasa mjini wanatoka kazini saa ngapi?

Nikasema saa kumi na moja.

Akaendelea na mchicha wake. Kikao kikaisha hapo.

Na mi sina jibu la hilo hata leo. Kuna sheria ya kulinda mashahidi, kuna shirika la serikali la kazi hiyo, lakini kumlinda shahidi kwa kawaida maana yake ni kumhamisha, sasa utamhamisha vipi kijana wa tuktuk ambaye anajua mtaa mmoja na mamake anamtegemea jioni.

Halafu kuna la kumtambua aliyekupiga. Kwenye barua zangu 15, ni tatu tu ambazo mlalamikaji anajua jina la askari ama namba yake. Sheria inataka askari aliyevaa yunifomu awe na jina ama namba kifuani inaonekana. Zingine zote zimeandikwa "mrefu mweusi", "yule ana pengo", "anaitwa na wenzake Simba". Hili sio jambo dogo. Ile kesi ya mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, miezi sita tu, aliyepigwa ndani ya nyumba Nyalenda Agosti 2017 polisi walipovamia usiku baada ya uchaguzi, ilikwama hapo hapo. Rungu ilikuwa ya nani kwenye lile giza? Hakimu aliyefanya uchunguzi wa kifo mwaka wa 2019 akanyoosha kidole kwa makamanda, na Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akasema anashtaki maafisa 12 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kwamba wakubwa wajibu kwa walichofanya wadogo wao. Mi hilo nililipenda sana, manake linaondoa mzigo kwa mama wa mtoto wa kumtambua mtu aliyevaa kofia ya chuma gizani. Lakini hesabu miaka mwenyewe, kutoka 2017 mpaka mashtaka kutangazwa tu.

Niseme na hili, maana nina wateja askari pia. Kuna mmoja amestaafu, huja kusoma magazeti kwa kompyuta, nikamuuliza siku moja kuhusu ile "ulianguka". Akacheka. Akaniambia yule wa kaunta usimlaumu sana, mwenye kitabu sio mwenye kalamu. Akanieleza kwamba akiandika lile analoambiwa na raia, mkubwa akalisoma asubuhi, wiki ijayo anajikuta amehamishwa mbali na watoto wako shule. Akaongeza kwamba wao wenyewe wakionewa na mabosi hukosa pa kwenda, wengine huenda IPOA hiyo hiyo kimyakimya. Mi nilimwelewa. Sikumsamehe yule wa kaunta, lakini nilimwelewa.

Zile nne zilizotumwa nilizisoma tena nikitafuta zinafanana nini. Sio ubaya wa tukio, manake kuna mbaya zaidi zimelala. Ni kwamba zote nne mlalamikaji hakuja peke yake. Moja mama aliletwa na majirani sita na wote wakataka majina yao yaingie kama mashahidi, saiba ikajaa mpaka wateja wa intaneti wakatoka. Moja ilikuja na imamu. Mbili zilipitia kwa watu wa MUHURI, shirika la kutetea haki hapa Mombasa, ambao walishajua picha zipigwe vipi na karatasi ya hospitali itunzwe wapi. Yule mama wa majirani sita alipigiwa simu, akaenda akahojiwa, kesi yake bado inaendelea kwa hiyo siisemi zaidi. Aliporudi nilimuuliza vipi, akasema waliniketisha, wakaniletea maji, na yule aliyeniuliza hakuwa na yunifomu. Hilo la yunifomu alilirudia mara mbili.

Wiki iliyopita mpwa wangu alipita na tuktuk, akaegesha nje, akaingia. Mkono ulishapona, ila haunyooki wote. Hakutaka kuprinti kitu. Akasimama nyuma yangu akaniambia, mjomba, ile barua bado unayo? Nikafungua folda, faili la nne. Akaisoma yote amesimama, midomo inacheza, abiria wake huko nje anapiga honi. Akafika katikati akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umeandika mkono wa kulia. Ulikuwa wa kushoto."

Nikafuta, nikaandika kushoto, nikasevu. Akatoka mbio, abiria alikuwa ameanza kushuka.